Machozi ya Sista Halina

Kuna mwenzangu kazini, hapa Nairobi, ambaye kila akishikwa na mafua huchemsha majani ya thaimu, akayatia asali na kuyanywa kwenye bilauri ya kioo. Harufu ile ikinifikia mezani kwangu, hasira hunipanda kabla sijakumbuka ni ya nini. Halafu hukumbuka. Ni ya mwanamke mmoja kutoka Poland aliyeitwa Halina, mwimbaji wa blues na injili, aliyepita katika maisha yetu ya Doha kwa miezi isiyozidi minne nikiwa na miaka tisa. Nilimdharau kwa moyo wangu wote. Nasema mapema ili asije mtu akatarajia nimpambe.

Ninyi mliolelewa Doha miaka ile mnajua ulikuwa mji wa namna gani. Metro haikuwapo. Kisiwa cha Pearl kilikuwa bado mchanga na kreni tupu, na wikendi baba zetu walitupakia garini kwenda kutazama bahari ikifukiwa, eti hayo ndiyo matembezi. Sisi tulikaa Al Mansoura, ghorofa ya tatu, juu ya duka la Mhindi aliyeuza ndizi za kupika kwa bei ya wizi. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya gesi kule Ras Laffan, tunamwona Alhamisi jioni amechoka na Ijumaa mchana amelala. Mama alikuwa nesi katika kliniki ya binafsi. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Tulikwenda eneo la makanisa nje ya mji, mikoba inapekuliwa langoni, kisha kila taifa linaingia ukumbi wake. Sisi Wakenya na Waganda tulipewa muda wa saa mbili baada ya Wanigeria, na Wanigeria hawakuwahi kumaliza kwa wakati hata siku moja.

Kwaya yetu ilikuwa ya watu kumi na wanane. Ningependa kusema iliimba vizuri. Iliimba kwa nguvu. Mwalimu wake, Zablon, siku za kazi alikuwa karani wa kampuni ya kukodisha magari, anaitikia "yes sir" kutwa nzima, na Ijumaa alilipiza kisasi kwetu. Alikuwa na suti ya rangi ya maziwa na kalamu tatu mfukoni ambazo sikuwahi kumwona akiziandikia. Kitu kimoja tu katika kwaya ile kilistahili kusikilizwa, nacho kilikuwa Mama. Yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji. Mnajua kwaya zetu zinavyokwenda: mmoja anatoka mbele, anaanza peke yake bila kinanda, watu wote wananyamaza, na wengine wanampokea akishafika anakotaka kufika. Mama alianza kila wimbo kwa miaka minne. Kliniki alikuwa Sista Karimi wa sindano, nyumbani alikuwa Mama Makena wa kupika, lakini akiwa pale mbele hakuwa wa mtu yeyote.

Tangu Krismasi, kabla Halina hajaja, sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Ni AC," alisema. Doha nzima ilisema hivyo. Kichwa kikikuuma ni AC, mgongo ukikukaza ni AC, mtoto akifeli hesabu pengine ni AC. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi.

Aliyetuletea Halina alikuwa Anti Prossy, Mganda, msafishaji wa vyumba katika hoteli moja kubwa ya West Bay. Alikuja mazoezini sebuleni kwetu Jumanne moja, hata viatu hajavua. "Banange, tumepata mwimbaji wa injili! Mzungu! Anakaa kwetu pale, ghorofa ya kumi na mbili, picha yake iko ndani ya lifti. Imeandikwa kabisa, blues na gospel. Nilimwambia kuhusu kwaya akasema atakuja."

Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia, na sidhani watu wa taifa jingine wangelifanya. Kwetu mwimbaji wa injili si mtu aliyechagua aina ya muziki. Ni mtumishi. Ameokoka, ana ushuhuda, ukimwalika anaombea wagonjwa kabla ya kula. Hakuna hata mmoja katika wale watu wazima kumi na wanane aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuimba injili kama mwingine anavyopiga taarabu, kwa sababu anaipenda na inamlipa. Neno blues lilikuwapo pia kwenye picha ile ya lifti, lakini tulilipita kimyakimya.

Tulimpokea kwa fujo. Wanawake walimfunga leso juu ya suruali yake, wakampigia vigelegele, wakamkalisha kiti cha mbele karibu na mchungaji. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, nywele nyekundu ambazo hata mimi nilijua si zake, pete kila kidole. Akasimamishwa kusalimia kanisa. Akaulizwa ushuhuda wake. Alielewa kwamba anaombwa kusimulia maisha yake ya kazi, naye akasimulia, kwa Kiingereza cha kukatakata, na Mwalimu Zablon akajitwisha kazi ya kutafsiri.

Alisema alizaliwa mji wa wachimba makaa ya mawe, na alipokuwa na miaka kumi na minne mjomba wake aliyekuwa baharia alimletea santuri kutoka Amerika. Mwalimu Zablon akasema, "Anasema akiwa na miaka kumi na minne, mjomba wake alimletea Neno." Halina akasema alikariri nyimbo zile bila kujua maana yake, kisha akaimba miaka mingi na bendi ya wanaume, kwenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyojaa moshi. "Aliishi gizani miaka mingi," akasema Zablon. Halina akasema alitoa albamu mbili, akapata nafasi ya pili katika tamasha la kwao, makanisa yakaanza kumwita afundishe kwaya, halafu sauti yake ikapotea na kwa miaka miwili hakuimba hata noti moja. "Bwana akamnyamazisha miaka miwili ili apate kusikia." Halina akatabasamu, hajui lolote, akasema kwamba mwishowe wakala wake alimtafutia mkataba huu wa Doha. Mwalimu Zablon akafumba macho, akainua mkono na kupaza sauti: "Ndipo akampokea Yesu kuwa Bwana na mwokozi wa maisha yake!"

Kanisa zima lilisimama. Mimi nilisoma shule ya Kiingereza na nilikuwa nimesikia pande zote mbili. Mtu mzima angejua kwamba Zablon ni mwongo. Mimi sikujua. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya mtafsiri, kujazia pale ambapo mgeni amesahau. Lakini nilishika jambo moja ambalo wengine hawakulishika, kwamba yule mama mwenyewe hakutaja Yesu hata mara moja, na tangu siku ile nikawa namchunguza.

Kisha aliimba, akalia. Hilo lazima niliseme. Alipofika ubeti wa pili mkono wake wa kushoto ulipanda polepole, vidole vimefunguka, sauti ikashuka mpaka ikawa kama mtu anayeongea na wewe peke yako, na chozi moja likamtiririka shavuni upande wa kulia. Watu wakapiga magoti. Nami nililia. Nakiri kwamba nililia sana, na jambo hilo ndilo lililofanya nimchukie zaidi baadaye.

Akaanza kuja kila Jumanne alasiri kabla ya zamu yake ya hotelini, kutuandaa kwa ajili ya Pasaka. Sebule yetu ikajaa Poland. Alituambia tupumue kwa tumbo. Alimwambia Mwalimu Zablon, mbele ya watu, kwamba kuimba si kupiga kelele, na Zablon akaitikia "yes, madam" kwa ile sauti yake ya ofisini. Hilo nililifurahia. Lakini alimwambia pia Mama, "Leo usiimbe. Pumzika. Sikiliza tu." Jumanne iliyofuata, hivyohivyo. Na ya tatu. Na kwa kuwa wimbo hauwezi kuanza bila mwanzishaji, Halina akauanza mwenyewe, huku Mama amekaa mwisho wa kochi akishika karatasi ya maneno anayoyajua kwa moyo. Nilikuwa nagawa chai. Niliona jinsi alivyoikunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama stempu.

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Mzungu mwizi ametoka kwao akiwa hana kazi, amemkuta mama yangu na nafasi yake, anaitaka. Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu.

Wiki ileile Halina akamwalika Mama hotelini, Jumatano saa kumi, wakati wa kujaribu vyombo, kabla ukumbi haujafunguliwa. Mama alikwenda nami kwa sababu hakuwa na pa kuniacha. Nakumbuka zulia nene, baridi ya AC iliyonipiga magotini, na nyuma ya kaunta ndefu chupa zimepangwa ukuta mzima, za kahawia na za kijani, zinawashiwa taa kwa chini. Nilijua ni nini. Tulifundishwa kanisani kwamba ni nini. Niliketishwa kwenye kiti cha juu kilichozunguka, nikaambiwa nisizunguke.

Halina alikuwa jukwaani na mpiga kinanda Mfilipino. Akaimba wimbo wa mwanamume aliyemwacha mwanamke wake stesheni na mvua inanyesha. Ubeti wa pili, mkono wa kushoto ukapanda polepole, vidole vikafunguka. Sauti ikashuka. Chozi likatoka, shavu la kulia, lilelile.

Sijui kama naweza kuwaeleza nilivyojisikia. Nilikuwa nimelia kwa chozi lile. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji kwa chozi lile, na kumbe linatoka pia kwa ajili ya mwanamume wa stesheni, saa kumi na robo, ukumbi mtupu, mbele ya Mfilipino anayetafuna bigijii. Alipomaliza alilifuta kwa kidole, akamwambia fundi wa vipaza sauti aongeze sauti ya chini kidogo. Nilimwona mdogo kuliko mimi.

Akashuka, akachukua bilauri yake juu ya kaunta, imejaa kitu cha kahawia, akanywa nusu. Aliponiinamia kunisalimia, harufu ikanijia, kali, ya majani, yenye uchungu. Sikuwa nimewahi kunusa pombe maishani mwangu. Nikaamua hiyo ndiyo pombe. Miaka kumi baadaye, chuoni, mtu alinipitishia whisky chini ya pua, nikagundua haifanani hata kidogo na kile nilichonusa siku ile, ambacho sasa najua kilikuwa thaimu. Jioni ile nilijua kwamba nilimsingizia mtu. Hata hivyo sikumpenda zaidi.

Akamvuta Mama pembeni, wakakaa. Sikusikia maneno. Nilimwona akiweka vidole viwili juu ya koo la Mama, akivisogeza taratibu huku na huku, akiongea, na macho ya Mama yakajaa maji. Nikadhani anamwombea. Mlevi, na ule mdomo wenye pombe, anamwombea mama yangu. Kisha akaandika kitu kwenye kikaratasi na kumpa.

Katika teksi Mama alitazama nje mpaka tulipofika karibu na nyumbani. Alikifungua kile kikaratasi, akakisoma, akashusha kioo na kukiachia upepo. "Yule mama hana adabu," akasema, kwa sauti iliyokwaruza. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ruhusa tosha.

Ijumaa nilimfuata Mwalimu Zablon kwenye kijichumba cha kubadilishia majoho. Nilikuwa nimelikariri. "Mwalimu, Sista Halina anakunywa pombe. Nilimwona kwa hoteli. Anaimbia baa."

Nilitarajia ashtuke. Hakushtuka. Alininyooshea kola ya gauni taratibu, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa amekiagiza. "Umemwona na macho yako, Makena?"

"Na macho yangu."

"Pombe kabisa?"

"Ya brown. Ilinuka."

"Mungu akubariki, mtoto. Nenda ukae na wenzako."

Halina alifika dakika ishirini baadaye na mfuko wa mikate mitamu aliyoioka sijui wapi. Zablon na wazee wawili walimsimamisha kwenye eneo la magari, juani, hawakumkaribisha hata kivulini. Safari hii Zablon hakuhitaji kutafsiri. "Madam, sisi ni kanisa," alimwambia. "Wewe unaimbia walevi. Hatukujua." Hatukujua, alisema, na picha iko kwenye lifti kwa miezi miwili. Alisema kwa uchungu wa kweli kabisa, jicho limemlegea, kana kwamba yule mwanamke aliwahi kusimama mbele yake akamdanganya ameokoka. Halina aliwatazama mmoja mmoja. Hakujitetea. Aliuliza tu, "Karimi yuko wapi?" Wakamwambia Karimi yuko ndani anajiandaa. Mama alikuwa dirishani, nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka nilipokuwa, na hakutoka.

Teksi ya samawati ikaja ikamchukua. Mfuko wa mikate aliuacha juu ya ukuta, Anti Prossy akautupa, akilia. Yeye ndiye mtu pekee aliyelia siku ile, na nilimdharau naye.

Pasaka Mama alianza. Alivaa gauni la zambarau, akatoka mbele, ukumbi ukanyamaza. Mstari wa kwanza ulikuwa Mama mwenyewe, wote, kama zamani. Mstari wa pili ukaanza kuchanika. Wa tatu ulikuwa pumzi tu, midomo inakwenda na hakuna kinachotoka, halafu mlio mkavu, halafu pumzi tena. Hakuacha. Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kwaya ikaingia mapema kumfunika, Zablon akapiga makofi kama kichaa ili watu waongeze sauti, na watu wakashangilia kwa heshima. Mimi niliangalia viatu vyangu. Niliona aibu. Mtoto anaweza kumwonea mama yake aibu, na mimi ndivyo nilivyofanya badala ya kuogopa.

Hakuimba tena. Mwezi wa sita alikuwa akinong'ona. Akapelekwa Nairobi, akafanyiwa upasuaji, kikatolewa kilichokuwa kimeota kooni, na daktari akamwambia Baba, nikiwa pale, kwamba wangekuja miezi michache kabla wangeokoa sauti. Uhai waliuokoa. Sauti haikurudi, na mpaka leo Mama anaongea kwa mnong'ono mkavu ambao wajukuu wanauiga wakidhani anawachezea. Kile kikaratasi cha teksini, nilikuja kuelewa, kilikuwa na jina la daktari. Mwanamke yule alikuwa amepoteza sauti yake mwenyewe kwa miaka miwili. Alijua anachokigusa.

Basi nikaishi na hilo. Nilimtafuta Halina kwenye mtandao, nikapata ukurasa mmoja wa Kipolandi, nikautafsiri kwa mashine. Kuzaliwa, bendi, albamu mbili, nafasi ya pili, mafunzo ya kwaya katika makanisa, mwanzilishi wa hili na lile. Doha ilipewa maneno matano: alitumbuiza pia Mashariki ya Kati. Sisi hatumo. Nilitukana peke yangu mbele ya kompyuta, nikijua vizuri kwamba ningekuwa yeye nisingetuandika pia.

Mwaka juzi niliamua kumwambia Mama. Alikuwa kwangu, tunaambua njegere jikoni, na sikuweza kuendelea kulibeba. Nikamwambia yote: chupa, bilauri, Mwalimu Zablon, kwamba mimi ndiye niliyemfukuzisha mtu pekee aliyeliona koo lake, kwamba kupotea kwa sauti yake ni juu yangu. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu.

Mama aliniacha nimalize. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nikachukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Wewe?" akanong'ona. "Kwani wewe ulikuwa nani? Mtoto wa nine years, ufukuze mzungu?"

"Mama, nilimwambia Zablon—"

"Zablon nilimwambia mimi. Jumatano ileile, tukitoka hotelini. Nilimpigia simu ukiwa unaoga. Nikamwambia huyo mama aende, sitaki kumwona kwa hiyo kwaya. Akaniuliza atamwambia nini. Nikamwambia atafute. Wewe ukampelekea tu."

"Lakini alikuwa anakusaidia."

"Alikuwa ananiambia nisiimbe Pasaka."

"Kwa sababu ya koo!"

"Makena." Aliniangalia kama anavyoangalia mgonjwa anayemfundisha dawa. "Mimi ni nesi. Nilijua tangu January. Nilijishika hapa nikajua." Akagusa mahali pale kwa kidole chenye ganda la njegere. "Nilijua wakitoa, sitaimba tena. Wasipotoa, nitaimba mpaka iishe. Nikasema wacha nifike Pasaka kwanza. Halafu anakuja yule, na nywele zake, anataka nikae kwa kochi nikimwangalia akianza wimbo wangu. Na yale machozi yake ya kupima." Akasonya. Hata bila sauti Mama husonya vizuri. "Khalas. Nikamtoa."

Nilikuwa na hasira naye. Miaka yote ile nimebeba, naye alikuwa ameketi juu ya jambo lenyewe, ametulia. Nilitaka kumwambia kwamba mistari miwili haikustahili bei ile. Nilitaka kumwambia watu walishangilia kwa huruma, Zablon alimfunika kwa makofi, mimi niliangalia viatu vyangu.

Aliisukuma sufuria kando, akajipangusa mikono kwenye aproni, na uso wake ukawa wa mtu aliyesimama mbele, ukumbi umenyamaza.

"Si ulikuwapo Pasaka hiyo?" akanong'ona. "Si uliniona?"

"Nilikuona, Mama."

"Niliimba aje?"

Nikamwambia sijawahi kumsikia mtu akiimba vile, tangu siku ile mpaka leo.

"Najua," akasema.